Uliza Mwalimu: Wakilindi wa Vuga, mvua na bunduki za Mazinde

Mwezi uliopita msomaji mmoja aliuliza Vuga iko wapi. Nilimjibu kwa sentensi mbili: iko Usambara Magharibi, si mbali na Soni na Bumbuli, na ndiyo iliyokuwa makao ya wafalme wa Kikilindi, yaani wa ukoo wa Mbegha uliowatawala Wasambaa. Jibu lile fupi limeleta barua nyingi, nyingine za hasira, nyingine za kiu ya kutaka kujua zaidi. Leo nafasi yote naitoa kwa Usambara. Mimi mwenyewe ni mtoto wa milima hiyo, bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mlalo, na historia hii nimeifundisha darasani mpaka nikastaafu. Pale nitakapozungumza kwa kirefu, mnivumilie.

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu. Daftarini nimeandika kwamba Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu, aliua simba usiku, akafanywa mfalme wa Usambara. Rafiki yangu anasema hiyo ni hadithi ya kulalia watoto. Nani mkweli?* — Mwanafunzi, Lushoto

Marahaba mwanangu. Usifute kitu daftarini, ila uongeze.

Habari hii tumeipata kwa vinywa vya wazee, na kwa kalamu ya Abdallah bin Hemedi 'l Ajjemy, mtu wa pwani aliyekaa na Wakilindi akawatumikia kabla ya kuwa liwali Tanga. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilianza kuchapwa na wamisionari wa Magila katika miaka ya 1890, na mpaka leo ni mojawapo ya kazi kubwa za nathari ya Kiswahili. Anasimulia kwamba Mbegha alizaliwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi na hakuachwa aishi, lakini wazazi wake walimpenda, wakamficha na kumlea. Walipokufa, ndugu zake wakamnyima urithi wakisema yeye ndiye anayeua watu wa ukoo. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akafika Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mtawala wa pale. Kijana yule akauawa na mnyama walipokuwa wakiwinda pamoja, na Mbegha akakimbia tena kabla baba mtu hajapata habari. Safari hii akavuka bonde la mto Ruvu, ule ambao wengine wanauita Pangani, akapanda milima ya Usambara.

Sasa tazama alivyoingia. Hakuja na jeshi. Watu wa milimani waliona moshi porini, wakaenda kuangalia, wakamkuta mtu na mbwa wake na nyama nyingi. Yeye akawapa nyama, wao wakampa ndizi na vyakula vya shamba. Nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba akawaua. Watu wenye ugomvi wakaanza kumletea mashauri yao, kwa kuwa alikuwa mgeni asiye na ndugu upande wowote, akaamua vizuri. Akaoa. Sifa zake zikafika Bumbuli, kisha Vuga, na watu wa Vuga wakamwita. Usiku mmoja wa safari hiyo simba alivamia mifugo, Mbegha akamuua, na tangu hapo mfalme wa Usambara akaitwa Simbamwene.

Je, kila neno hapo lilitokea? Mimi huwaambia wanafunzi waulize swali lingine: kwa nini Wasambaa walichagua kumkumbuka mfalme wao wa kwanza kwa namna hii? Wangeweza kusema aliwashinda vitani. Makabila mengi husema hivyo juu ya watawala wao na huona fahari. Wao wanasema alikuja peke yake, njaa ya nyama ikawakutanisha, wakampima, wakamkubali. Anayesimulia hivyo anamkumbusha mfalme aliye kitini kwamba kiti kile kilitolewa na watu. Na mazingira ya wakati ule yanaiunga mkono habari hiyo. Kabla ya Wakilindi, milima ile ilikuwa na koo nyingi, kila eneo na wazee wake, bila mfalme mmoja. Kisha wakaja wageni, hasa Wambugu na ng'ombe wao, watu wa lugha na desturi nyingine. Ugomvi wa ukoo na ukoo mzee wa ukoo anaweza kuumaliza, lakini ugomvi wa watu wasio na babu mmoja unahitaji mtu wa kati. Hapo, katika karne ya 18, ndipo nafasi ya Mbegha ilipopatikana.

Mwambie rafiki yako kwamba simba mtamjadili baadaye. Kwanza mjadili ugali wa nani uliliwa na nyama ya nani.

*Mwalimu, nchi ya milima na mabonde vile, bila barabara wala polisi, mfalme mmoja aliwezaje kuitawala kutoka Vuga? Alikuwa na askari wangapi?* — Msomaji, Mombo

Askari si jibu la swali lako. Jibu ni wajomba.

Mbegha alioa katika sehemu mbalimbali za nchi, na watoto wake wakarudishwa kutawala kwa ndugu za mama zao. Bughe, mwanawe aliyemrithi, alikuwa kwanza mtawala wa Bumbuli. Fikiria maana yake kwa mkulima wa Bumbuli. Mtawala wako ni Mkilindi, damu ya mgeni, lakini pia ni mtoto wa dada yako. Umemlea, unajua tabia zake, na akikosea unaweza kumkemea. Huyo mtoto naye anajua akiharibu kwa wajomba hana pengine pa kukimbilia. Mbegha alipofariki, wakubwa wa Vuga walificha kifo chake, wakatuma watu Bumbuli kimyakimya kumchukua Bughe, na nchi ilitangaziwa msiba ikiwa tayari ina mfalme. Desturi ya kuficha kifo cha mfalme iliendelea baadaye, kwa kuwa siku za kiti kitupu zilikuwa siku za hatari.

Mfumo huo ulifika kileleni chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu karibu na 1815 hadi 1862. Aliwaweka wanawe karibu kila mahali, na mkono wake ukashuka kutoka milimani ukaigusa pwani, ambako watu wakubwa wa miji walimtambua. Sultani wa Zanzibar naye alikuwa na mkono wake hukohuko. Mwaka 1857 palikuwa na askari wa Kibaluchi wa Sultani kwenye ngome ya Tongwe, ndani ya nchi ambayo Kimweri aliihesabu kuwa yake. Mabwana hao wawili walivumiliana, kwa sababu mmoja alitaka biashara na mwingine alitaka heshima.

Wageni wa Ulaya waliomfikia Kimweri wametuachia maandishi. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alifika Vuga mwaka 1848 na akarudi 1852. Alishangazwa na ukubwa wa amri ya mfalme na utulivu wa nchi. Richard Burton na John Speke walipanda kutoka Pangani mwaka 1857. Burton aliambiwa kwamba Vuga ina nyumba kama 500 na watu kama 3,000, na akamkuta Kimweri mzee, mgonjwa, anayemwomba mgeni dawa ya kumrudishia nguvu. Msomaji asiyejua Usambara anaweza kuona hapo mzee anayeogopa kufa, basi. Mimi naona zaidi ya hilo, na sababu ni mvua.

Kwa Wasambaa mwili wa mfalme na hali ya nchi vilikwenda pamoja. Mfalme mwenye nguvu, aliyewashinda wapinzani wake wote, ndiye aliyeweza kuileta mvua, ndizi zikazaa na watoto wakanenepa. Wakuu wawili wenye nguvu sawa wakigombana, mvua ingezuiliwa na nchi ingeharibika. Kwa hiyo ushuru uliopelekwa Vuga, mifugo, chakula, kazi ya mikono, watu waliuona ni malipo ya kitu. Mwaka wa njaa mfalme aliulizwa. Tena aliulizwa na wakulima, kwa nyimbo na kwa minong'ono, na wakuu wa Vuga walizisikia nyimbo hizo. Kimweri mgonjwa maana yake ni nchi yenye wasiwasi. Angewezaje kuacha kuomba dawa?

*Mwalimu, mimi ni Mbondei. Bibi yangu alikuwa akisikia jina la Mkilindi anatema mate. Ninyi watu wa milimani mnapowasifu wafalme hao, mnasahau kwamba walituuza. Hilo nalo liandike.* — Mama wa watoto wanne, Muheza

Dada yangu, nitaliandika, na nitaliandika kwa kirefu, maana bibi yako alikuwa na haki.

Uovu ulitokea wapi? Wengi wanaanza na Wajerumani. Mimi naanza na barabara ya vumbi chini ya milima. Biashara ya pembe za ndovu na watumwa ilipanda kutoka Pangani kufuata bonde la mto, ikapita nyikani chini ya Usambara kuelekea bara. Vuga iko juu. Msafara wa pwani haukuwa na haja ya kupanda kule. Ulipita chini, ukinunua, ukiuza, ukiacha baruti na bunduki. Wazigua walikuwa wameanza kupata bunduki mapema, Kimweri akiwa bado hai, na Wakilindi wakasukumwa kutoka baadhi ya sehemu za nyikani. Nguvu ya Kimweri ilikuwa ya mvua, ushuru na wajomba. Nguvu mpya ilinunuliwa kwa pembe na kwa watu.

Aliyeielewa nguvu hiyo kuliko wote alikuwa mwanawe, Semboja, aliyekaa Mazinde, palepale misafara inapopita. Alivaa na kuishi kama watu wa pwani, akakusanya bunduki, akafanya urafiki na Wataita, na Wamasai, na Wazigua, watu ambao wafalme wa Vuga walizoea kuwahesabu kuwa wa nje.

Kisha msiba ukaja kwa mpangilio mbaya. Mrithi wa Kimweri, mwanawe Mnkande, alifariki kabla ya baba. Kimweri naye akafariki 1862, na aliyewekwa Vuga ni mtoto wa Mnkande, kijana Shekulwavu. Hapa ningependa kila msomaji asimame kidogo. Mfumo mzima ulijengwa juu ya jambo moja: mfalme wa Vuga ni baba wa watawala wote wadogo. Kimweri alipokuwa hai hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa watawala walikuwa wanawe wa kuzaa. Lakini Shekulwavu alikuwa mtoto wa ndugu yao! Semboja na ndugu zake walikuwa baba zake wadogo na wakubwa. Nani katika nchi zetu hizi anayeweza kumwamuru baba yake mkubwa alete ushuru, na akatii? Kwa desturi mfalme mpya angewaondoa taratibu watawala wa zamani na kuweka watu wake. Shekulwavu alijaribu kuugusa mkono wa Semboja, na Semboja alikuwa na bunduki.

Karibu na mwaka 1868 majeshi ya Semboja yalipanda yakaiteka Vuga na kuichoma. Shekulwavu alikimbia, na haukupita muda mrefu akafa. Semboja mwenyewe hakutaka kukaa Vuga. Alimweka pale mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde, na hiyo ndiyo alama ya wazi kuliko zote kwamba dunia imegeuka. Mfalme yuko mlimani, lakini mwenye neno yuko chini kwenye njia ya biashara. Ndugu wa Shekulwavu, Chanyeghea na baadaye Kibanga, waliendelea kupigana upande wa mashariki. Vita hivyo vya jamaa viliendelea miaka na miaka.

Na vita vya bunduki vinahitaji baruti, na baruti ilihitaji malipo. Zamani mtu aliyefanya kosa kubwa aliweza kuchukuliwa yeye na watu wa nyumba yake wakawa watumwa wa mfalme. Hilo lilikuwa ukali, lakini wengi wao walibaki nchini, wakilima Vuga, wakizaa Vuga. Baada ya 1862 watawala wadogo wakaanza kukamata watu wao wenyewe kwa makosa madogo, au bila kosa, na kuwashusha pwani. Mtoto wa dada aligeuka akawauza wajomba zake. Kwenu Bonde, ambako Wakilindi walikuwa wachache na pwani iko karibu, maumivu yalikuwa makali zaidi. Wabondei wakainuka mwishoni mwa miaka ya 1860, uasi unaoitwa Kiva, wakawaua na kuwafukuza Wakilindi nchini mwao. Bibi yako, kama alikuwa mtu mzima nilipokuwa mimi mtoto, basi yeye mwenyewe alisimuliwa na mtu aliyeyaona.

Mimi sioni kwamba kumsifu Kimweri ye Nyumbai kunatulazimisha kunyamaza juu ya waliomfuata. Lakini pia sikubali maneno ya baadhi ya watu wa kwetu kwamba Kiva ilikuwa fitina ya Wabondei. Wabondei walifanya kile ambacho hadithi ya Mbegha yenyewe inakiruhusu: waliompa mtu kiti wakakichukua.

*Ndugu Mwalimu, nimesoma mahali kwamba ufalme wa Usambara ulivunjwa na Wajerumani. Wewe unasema ulivunjika mapema. Sasa Wajerumani walifanya nini?* — Msomaji, Moshi

Walikuta nyumba imepasuka, wakachukua funguo.

Kimweri Maguvu alifariki 1893 na Semboja 1895. Mputa, mwana mwingine wa Semboja, ndiye aliyekuwa mfalme Vuga, na mwaka huohuo wa 1895 Wajerumani walimnyonga kwa kosa la kuua mtu. Mfalme wa Vuga kupeleka mtu kifoni lilikuwa jambo la mamlaka yake, na mara ghafla yakawa makosa ya jinai yenye kitanzi. Watu waliotazama walielewa ujumbe. Baada yake Wajerumani walimweka Kinyashi, mwana wa Shekulwavu, yaani waliurudisha upande ulioshindwa na Semboja. Kinyashi alitawala chini yao hadi 1903, akaacha.

Makao ya wilaya yao yalikuwa Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na walowezi wakataka vibarua. Kuanzia 1907 mwanamume wa Usambara alibebeshwa kipande, yaani kadi ya kazi, kilichomtaka afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, la sivyo apelekwe kazi za serikali. Ukitaka kujua ufalme ulikuwa umefikia wapi, jiulize mtu wa Vuga aliogopa nini asubuhi ya mwaka ule, hasira ya Simbamwene au kadi isiyojaa.

*Mwalimu, baba yangu alikuwa karani wa baraza. Alikuwa akilalamika kwamba serikali ilipofuta machifu ilitutupia historia yetu. Unasemaje?* — Mstaafu, Korogwe

Mzee mwenzangu, shikamoo kama umenizidi. Mimi na marehemu baba yako tungekaa tukabishana mpaka jioni.

Machifu walifutwa kisheria mwaka 1963, na wa mwisho kukaa kwenye kiti cha Vuga alikuwa Kimweri Mputa Magogo. Lakini kiti kilichofutwa kilikuwa kipi? Waingereza walipoleta utawala wa kupitia wenyeji, katikati ya miaka ya 1920, walimrudisha Kinyashi yuleyule, sasa mzee. Watu walifurahi, kwa kuwa alisifika kwa mvua. Hata hivyo alijiuzulu 1929. Mfalme wa zama hizo alikusanya kodi ya serikali, akalipwa mshahara na serikali, na akiwaudhi wakulima hawakuwa na njia ya kumpunguzia ushuru, kwa sababu hakula ushuru wao tena. Alikula kwa bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Uzi uliomfunga kwa wajomba ulikatwa hapo, na waliobaki nao ni wakulima peke yao. Ndiyo maana mwaka 1947 watu kwa maelfu walikwenda Vuga kudai mfalme aondoke, na mfalme wa wakati ule, Magogo (si yule Kimweri Mputa Magogo wa mwisho), akaondoka. Mimi nauona umati ule kuwa wa Kisambaa hasa. Walikuwa wakimwuliza mfalme swali la zamani kuhusu hali ya nchi.

Kisha yakaja matuta. Serikali ya Kiingereza iliona udongo wa milimani unasombwa na mvua, jambo la kweli kabisa, ikaamuru kila mkulima achimbe matuta ya kukinga maji shambani, na machifu na mabaraza yao wakapewa kazi ya kutoza faini. Wachimbaji wengi walikuwa wanawake. Bibi yangu kule Mlalo alikuwa mmoja wao, na alikuwa akituonyesha mteremko wa shamba lake, mwembamba na mkali, akitueleza jinsi tuta lilivyokula nafasi ya mahindi, na jinsi karani wa baraza alivyopita na kitabu chake. Hakumchukia karani. Alikuwa akisema, "Yule naye alitumwa." Lakini alipoambiwa kwamba mfalme wa Vuga ndiye aliyeidhinisha faini, alikataa kuamini kwamba huyo ni mfalme. Mpango wa matuta uliachwa kabla ya Uhuru, na hasira yake iliwajaza watu wengi katika TANU.

Kwa hiyo naafikiana na baba yako kwa jambo moja. Tulipofuta kiti, tulifuta pamoja nacho kumbukumbu ambazo hazikuwa na kosa: makaburi ya wafalme, majina ya wakuu wa Vuga na kazi zao, nyimbo za kumwimbia mfalme mpya na za kumlaumu mfalme mbaya. Hayo shule zetu zilipaswa kuyakusanya mwaka uleule wa 1963. Kiti chenyewe kama kilivyokuwa mwishoni, chenye mshahara wa bwana shauri na kitabu cha faini, sikililii.

*Mwalimu, babu yangu ni mtu wa Bumbuli, ana umri mkubwa na bado anakumbuka. Likizo hii nitakwenda kumwona nikiwa na simu ya kurekodi. Nimuulize nini? Sitaki kurudi na hadithi ya simba tu.* — Kijana, Dar es Salaam

Mjukuu, umenifurahisha kuliko wote.

Usianze na wafalme. Mzee akiulizwa habari za wafalme atakupa zile alizozisikia shuleni au redioni, zimepangwa vizuri na hazina mtu ndani yake. Mwanzishe na ukoo wake: anaitwa nani kwa baba, anaitwa nani kwa mama, na watu wake waliingia Bumbuli kutoka wapi. Kisha muulize ushuru. Nani katika ukoo alipeleka, alipeleka nini, mnyama gani au mzigo gani, na njia gani ilifuatwa kwenda Vuga. Mwache aitaje njia kilima kwa kilima na mto kwa mto, usimkatize hata ukiona anapotea. Majina ya vijito yana habari ambazo hazimo kitabuni.

Muulize njaa. Wazee wa milimani wana majina ya njaa, na kila njaa ina mtawala wake aliyelaumiwa. Ukipata jina la njaa, muulize watu walisema nini juu ya mfalme wa wakati huo, na kama kuna wimbo uombe auimbe, hata mstari mmoja. Rekodi sauti yake, kisha andika maneno kwa Kisambaa kama alivyoyatamka, usiyageuze kuwa Kiswahili palepale. Tafsiri utaifanya ukiwa na mtu wa kukusahihisha.

Kuhusu watumwa, nenda polepole. Kuna nyumba ambazo mababu zao walitekwa wakaletwa Vuga, na nyumba ambazo mababu zao waliteka, na leo wameoana. Mzee akinyamaza, achana nalo siku hiyo. Likija lenyewe, sikiliza, na usilirushe mtandaoni kabla ya kumwomba ruhusa.

Muulize pia alikuwa wapi mwaka 1947 na wakati wa matuta, kama umri wake unaruhusu. Hayo ameyaona kwa macho, na mtu mmoja aliyeona anatufaa kuliko kumi waliosikia. Bibi yako akiwepo, mkalishe karibu na simu vilevile, maana aliyeshika jembe la matuta yawezekana ni yeye.

Ukirudi, andika mwanzoni mwa kila rekodi jina la aliyesema, ukoo, kijiji na tarehe. Nakala moja ibaki kwenu, nyingine iwekwe kwenye shule ya msingi ya kijiji. Na kama babu atakutajia ukoo wowote wa Bumbuli unaosema ulimlea mwana wa Kikilindi kabla hajaitwa Vuga, niandikie kwa anwani ya safu hii haraka, nitaichapa barua yako yote.